Gari la mwaka 1979, kilometa 1,150 na wiki tano za kujiandaa

*Swali: Nina gari la mwaka 1979, silinda nne, kabureta, giaboksi ya gia nne. Nimelitengeneza kwa miaka mitatu na sasa linatembea vizuri, ila kwa miaka miwili hii halijatoka zaidi ya kilometa 60 kutoka nyumbani. Baada ya wiki tano kuna kusanyiko la wapenzi wa magari ya zamani, kilometa 1,150 kutoka hapa. Nitakwenda na mke wangu, na rafiki yangu atatufuata na gari lake la zamani. Nimepanga wiki ya mwisho nifungue kila kitu na kufunga vipuri vipya. Je, naweza kufika kwa siku moja? Nibebe nini? Au nilipakie tu kwenye trela?*

Ndugu yangu, nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, maana ndilo litakaloamua kama utafika: hiyo nia ya kufungua kila kitu wiki ya mwisho. Iache. Gari la zamani hukwama njiani kwa sababu mbili kuliko zote. Ama limekaa muda mrefu bila kutembea, ama limetoka kutengenezwa na hakuna aliyelijaribu. Lako tayari lina tatizo la kwanza. Ukilifungua wiki ya mwisho unaliongezea la pili.

Haya nayasema kwa yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa najiandaa kwa safari kama hii yako, na siku mbili kabla ya kuondoka nikaamua kubadilisha pampu ya maji ambayo haikuwa na kosa lolote, kwa sababu tu niliiona imechakaa kwa nje. Kazi niliifanya mwenyewe bila haraka, nikaiwasha injini kwa robo saa, halikudondoka hata tone. Kilometa 140 kutoka nyumbani nikaanza kusikia harufu tamu ndani ya gari, kama sharubati iliyoungua. Wenye magari haya wanaijua: ni kulanti, kimiminika cha kupozea injini, inayogusa chuma cha moto. Sindano ya joto ilikuwa bado katikati. Nilipofungua boneti nikakuta klipu ya hozi ndogo nyuma ya pampu imelegea. Hozi mpya ikishapata joto na kupoa mara mbili tatu hulainika na kubonyea pale ilipobanwa, na klipu uliyoikaza jana inakuwa haishiki tena. Kuikaza kulichukua bisibisi na dakika moja. Kusubiri injini ipoe, ndipo nithubutu kufungua rejeta na kuongeza maji, kulichukua saa moja na nusu juani. Laiti ningetembea kilometa 50 kabla ya safari, nikalala, nikaikagua asubuhi, klipu ile ningeikaza nyumbani kwangu.

Kwa hiyo wiki zako tano zigawe hivi: mbili za kwanza ni za spana, ya tatu na ya nne ni za kuendesha, na ya tano usiguse kitu. Osha gari, panga mizigo, lala.

Katika wiki za spana, anza na mpira kabla ya chuma. Injini uliyoihangaikia miaka mitatu haitakufa kwa kilometa 1,150, lakini kipande cha mpira chenye urefu wa kidole kinaweza kukulaza barabarani. Injini ikiwa baridi, bonyeza kila hozi ya maji kwa vidole viwili, hasa karibu na ncha zake pale klipu inapobana. Hozi nzima inabonyea kwa ukinzani na kurudi palepale. Iliyokwisha ama imekauka na unasikia kitu kikikatika ndani yake, ama inabonyea kama tunda lililoiva kupita kiasi. Zote mbili zinatoka. Hozi za petroli zipinde kidogo uangalie nje: ukiona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, badilisha zote, usibadilishe moja. Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi ina ethanoli, na mpira wa miaka ya 1970 haukutengenezwa kwa ajili ya ethanoli. Unavimba, unalainika, kisha unavuja juu ya injini ya moto. Magari mengi ya zamani yaliyoungua yaliungua kwa njia hiyo.

Usisahau hozi za breki. Hizi zina ujanja wake, kwa sababu huwa zinaziba kwa ndani huku nje zikionekana safi. Unakanyaga, mafuta yanapita; unaachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limebanwa kidogo bila wewe kujua hadi harufu ya pedi inapokufikia. Kama hujui umri wake, weka mpya. Na mafuta ya breki yabadilishe yote, hata kama rangi yake inakuridhisha. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa. Kiwango cha DOT 4, kimoja cha viwango vya mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishashika unyevu wa asilimia 3.7 kiwango kinaruhusu hadi nyuzi 155. Ndani ya mji tofauti hiyo huwezi kuiona. Kwenye mteremko mrefu, ukiwa na mizigo na breki zinafuka, mafuta yakichemka kanyagio linazama hadi sakafuni na gari halisimami.

Tairi ndizo zinazowadanganya zaidi watu wa magari yetu, kwa kuwa magari haya yanatembea kidogo na kashata zinabaki nzima wakati mpira wenyewe umezeeka. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT na usome tarakimu nne za mwisho. Tarakimu 2316 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na hata kuliwekea upepo nisingekushauri. Watengenezaji wengi wa tairi wanasema likifika miaka kumi litolewe, liwe limetumika au halikutumika, na mimi kwa safari ndefu sisubiri huko. Likivuka miaka saba nalibadilisha. Angalia na la spea. Mara nyingi la spea ndilo lililokuja na gari.

Upepo upime asubuhi kabla ya kutembea, tairi zikiwa baridi, na uongeze za nyuma kadiri kitabu cha gari kinavyosema kwa mzigo kamili. Ukipima njiani ukakuta umepanda, usiutoe. Hewa ikipata moto hutanuka, hilo ni la kawaida. Ukiutoa, asubuhi ya pili utakuwa unaendesha tairi zilizolegea, na tairi iliyolegea ndiyo inayopata joto na kupasuka.

Upande wa kupoza injini, kitu kidogo chenye kazi kubwa ni kifuniko cha rejeta. Maji katika hewa ya kawaida usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100. Kifuniko kinachoshikilia shinikizo la baa moja (baa ni kipimo cha shinikizo) kinayasogeza hadi karibu nyuzi 120, na kulanti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inakwenda juu zaidi ya hapo. Springi ya kifuniko ikichoka au mpira wake ukikatika, nafasi hiyo yote imepotea, na gari litachemsha kwenye kilima ambacho zamani lilikuwa linakipanda bila shida. Watu hubadilisha rejeta nzima kwa kosa la kifuniko. Weka kipya chenye shinikizo lilelile lililoandikwa, siyo kikubwa zaidi, maana shinikizo likizidi hozi na gasketi ndizo zitakazolipa.

Umeme upime kwa mita, usiukisie. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa usiku mzima, inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 ni nusu tu. Washa injini na mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Halafu washa taa kubwa, wipa na feni ya ndani kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13, shughulikia oltaneta (jenereta inayochaji betri), mkanda wake na nyaya za kufungia betri kwenye bodi. Kama injini yako ina mkanda wa taiming (unaoendesha valvu) na huna ushahidi wa lini ulifungwa, badilisha. Mkanda huo huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagonga pistoni, na hapo safari na miaka yako mitatu ya kazi vinaishia pamoja.

Hayo yakikamilika, weka spana chini. Sasa endesha.

Safari ya kwanza ya majaribio iwe kilometa 50, ya pili 120, ya tatu 300 kwa siku moja. Ile ya 300 ifanye kama safari yenyewe: saa zilezile, jua lilelile, mwendo uleule, shemeji akiwa amekaa kwenye kiti chake na mizigo ikiwa kwenye buti. Gari tupu lenye dereva peke yake halitakuambia ukweli. Uzito ukikaa nyuma, springi zinashuka, tairi linaanza kusugua mahali ambapo halikuwahi kusugua, ekzosi inagonga, na taa za mbele zinaangalia juu na kuwaumiza macho wanaokuja.

Simama baada ya kilometa 20 za mwanzo, kisha kila 100. Usisimame kwa kukanyaga breki kwa nguvu. Liache lipunguze mwendo lenyewe. Shuka, sogeza mgongo wa kiganja karibu na katikati ya kila rimu bila kugusa, uzunguke magurudumu yote manne. La kushoto na la kulia la ekseli moja yanapaswa kuwa na joto linalofanana. Moja likiwa na joto mno kuliko mwenzake, breki yake imeshika au beringi inakufa, na umeligundua kabla halijakuangusha. Kitendo hiki kinachukua chini ya dakika moja, na kama kuna kimoja tu utakachokichukua kwangu, chukua hiki, ukifanye kila unaposimama mpaka utakaporudi nyumbani.

Usiku wa kila jaribio tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini na giaboksi. Asubuhi lisome. Tone la kijani au bluu lenye utelezi ni kulanti. La kahawia au jeusi ni oili. Jepesi, la manjano hafifu, karibu na gurudumu au chini ya kanyagio, ni mafuta ya breki, na hilo halina kusubiri. Tone moja mbili za oili kwa gari la umri huu si msiba. Muhimu ni kujua kawaida yake, ili siku yakiwa matone kumi ujue kuna kilichobadilika.

Jaribio hilo hilo litakupa hesabu ya mafuta. Jaza tangi mpaka juu, tembea kilometa 300, jaza tena palepale. Tuseme yameingia lita 27: gari linakula lita 9 kwa kilometa 100. Tangi la lita 45 kwenye karatasi linakufikisha kilometa 500, lakini usiliendeshe hadi chini. Tangi la zamani lina mchanga wa kutu uliotulia miaka mingi, na ukilikausha utauvuta wote hadi kwenye kabureta. Jaza kila unapotimiza kilometa 250 au 300, na ubebe chujio mbili za petroli.

Sasa swali lako la siku moja. Hapana, usijaribu, na sababu si gari. Ukishika 90 kwa saa kwenye lami nzuri, ukaingiza vituo vya mafuta, chakula, miji, malori na ule ukaguzi wa magurudumu, wastani wako halisi utakuwa karibu kilometa 65 kwa saa. Kilometa 1,150 kwa 65 ni saa 17 na dakika 40 hivi. Watafiti Dawson na Reid walichapisha mwaka 1997, katika jarida la sayansi la Nature, utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kufikia wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkamatia dereva. Na wewe hutaamka ukiwa tayari kwenye usukani. Utakuwa umeamka mapema zaidi kupakia. Kwa mwendo wa 90 gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Kope zikishuka kwa sekunde nne, umekwenda mita 100 bila dereva.

Gari la zamani linachosha kuliko la leo, jambo ambalo watu hawalihesabu. Gia nne bila ya tano maana yake injini inaunguruma juu muda wote, kiti hakina mgongo wa maana, usukani ni mzito na upepo unapiga filimbi mlangoni. Ndiyo maana nakuomba pia usishike 110 hata kama linafika. Nguvu ya upepo inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 90 hadi 110 inaongezeka karibu nusu yake, na nyongeza hiyo injini inailipa kwa petroli na kwa joto. Kwa safari nzima utaokoa muda mdogo sana, maana muda mwingi unapotea ukiwa umesimama, siyo ukiwa unatembea.

Gawa safari siku mbili. Siku ya kwanza kilometa 620, ya pili 530. Ukiondoka saa 12 asubuhi, saa 9 na nusu alasiri unakuwa umefika pa kulala, jua lipo, na kama kuna kitu cha kukaza unakikaza ukiwa unaona. Siku fupi iwe ya pili, kwa kuwa mwili umechoka na kwenye malango ya kusanyiko kutakuwa na foleni inayochemsha magari. Kila saa mbili pumzika robo saa nje ya gari. Usingizi huvizia zaidi kati ya saa 8 na saa 11 usiku, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Ukiusikia mchana, egesha mahali salama, kunywa kahawa, kisha lala dakika 20 hapo hapo. Kahawa huanza kufanya kazi karibu na wakati unaoamka. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumwamshi mtu. Na shemeji naye aendeshe kwenye yale majaribio, azoee klachi na breki, ili siku yenyewe mpokezane.

Kuhusu cha kubeba, huwa namkumbuka Bertha Benz. Agosti 1888, huko Ujerumani, aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenye gari alilolibuni mumewe, Carl Benz, kwenda Pforzheim, zaidi ya kilometa 100, safari ndefu ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifanya. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia. Waya ulipochunika aliukinga kwa mkanda wa soksi yake. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na breki za mbao zilipoisha alimpa fundi viatu azipigilie ngozi. Hakuwa na sanduku la spea. Alikuwa analijua gari lile kipande kwa kipande, na alijua nini huziba, nini huchunika na nini huisha.

Nawe beba kwa kufuata maswali hayo hayo. Kinachokatika: mkanda wa feni, waya wa klachi, waya wa aksilereta, hozi ya juu na ya chini ya rejeta pamoja na klipu zake. Kinachoungua: fyuzi, balbu, na vipuri vya cheche, yaani koili, rota, pointi na kondensa, na kondensa iwe ile ya zamani uliyoitoa ikiwa bado inafanya kazi, maana mpya za siku hizi nyingine zinakufa zikiwa changa. Kinachopungua: oili lita mbili, mafuta ya breki chupa ambayo haijafunguliwa, maji lita 10. Ongeza mita ndogo ya umeme, nyaya, tepu, kamba ya kuvutia gari, tochi ya kuvaa kichwani, pembetatu za kuakisi mwanga, na mtungi wa kuzimia moto ufungwe pale mkono unapofika ukiwa umekaa. Ukiwa ndani ya buti chini ya mabegi, moto hautakungoja uutafute. Usibebe kipuri ambacho huwezi kukifunga wewe au rafiki yako kando ya barabara; gasketi ya silinda hedi njiani ni uzito tu.

Jambo moja la kufanya kwa mikono yako mwenyewe kabla ya kuondoka: toa gurudumu moja kwa jeki na spana zilizomo ndani ya gari, siyo za gereji. Nati zilizokazwa kwa mashine ya upepo mara nyingi hazifunguki kwa kispana kifupi. Ni afadhali kuligundua hilo uani kuliko mvuani. Na weka kipande cha ubao mnene cha kusimamishia jeki kwenye udongo laini.

Kwa msafara wenu wa magari mawili, anayekwenda polepole ndiye aongoze. Rafiki yako akiwa na gari lenye nguvu na akakaa mbele, utajikuta unalikamua lako ili usimpoteze. Wa mbele ana wajibu wa kumwangalia wa nyuma kwenye kioo. Asipomwona, anapunguza mwendo, kisha anasimama mahali pa wazi. Lakini msifuatane mkia kwa mkia. Breki za magari yetu hazifanani na za gari la kisasa linalowatenganisha katikati, kwa hiyo acheni sekunde nne kati yenu, na atakayeingia aingie. Kubalianeni vituo vya kukutana kila kilometa 100 hivi, kwa majina, viandikwe kwenye karatasi. Mkipotezana, hakuna kupiga simu huku unaendesha wala kufukuzana; kila mmoja aende kwenye kituo kinachofuata, amngoje mwenzake.

Njiani kwenye vilima, ukiona sindano ya joto inapanda, punguza mwendo na ushuke gia, injini izunguke kwa wepesi bila kuvuta kwa shida. Fungua madirisha na uwashe hita mpaka mwisho. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na itakusaidia kufika kileleni. Ukisimama baada ya kilima kirefu, acha injini izunguke dakika moja mbili kabla ya kuizima. Ukiizima ghafla, joto lote lililomo kwenye chuma linapanda kwenye pampu ya petroli na kabureta, petroli inageuka mvuke, na gari linakataa kuwaka. Likikufanyia hivyo usilipigie stata mpaka betri ife. Fungua boneti, funika pampu ya petroli kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, ngoja dakika 15. Kifuniko cha rejeta usikiguse likiwa na moto, hata ukiona kimetulia.

Kuteremka, tumia gia ile ambayo ungepandia.

Makaratasi ni mafupi ila yana mtego. Bima nyingi za magari ya zamani zina kikomo cha kilometa kwa mwaka, na huduma ya kuvutwa ina kikomo cha umbali; isome kabla, na kama kilometa 2,300 za kwenda na kurudi zinakipita, omba nyongeza kwa maandishi. Mkivuka mpaka wa nchi, uliza ubalozi au chama cha magari cha nchi yako kuhusu leseni ya kimataifa na hati ya forodha ya gari wiki kadhaa kabla.

Na trela? Binafsi ningekwenda kwa magurudumu yake. Gari lililofika lenyewe, na wadudu kwenye kioo na vumbi kwenye rimu, watu hulizunguka na kukuuliza njia ilikuwaje. Mazungumzo mazuri ya kusanyiko zima huanzia hapo. Lakini usiamue sasa. Liamue jaribio la kilometa 300. Likirudi na joto lilelile, matone yaleyale na umeme uleule, nenda nalo. Likipata kasoro, irekebishe na urudie 300 nzima, siyo 50. Likipata kasoro nyingine tena mara ya pili na wiki ya nne ikawa imekwisha, hapo lipakie bila kinyongo, na waya wa betri uutoe kabla ya kulifunga. Wanaopata hasara ni wale wanaoondoka wakijua gari lina kasoro, kwa kuwa tu wameshaahidi kwenda.

Ukiwa kule, jioni ya kuamkia siku ya kurudi jitenge na watu kwa nusu saa. Pima oili, kulanti na upepo injini ikiwa baridi, kaza nati za magurudumu, kagua taa zote. Watu hujiandaa mno kwa kwenda na kurudi wakakuachia bahati, wakati kurudi ni kilometa zilezile, kwa dereva aliyekesha na gari lililokwisha kula 1,150. Usiondoke jioni ile kusanyiko linapofungwa. Lala, uondoke asubuhi.

Mkifika nyumbani usilifunike turubai siku hiyo. Tandika boksi chini yake kama ulivyofanya kwenye majaribio, na kabla hujaingia ndani kaa dakika tano na kalamu uandike kila mlio mpya uliousikia, ulianza kilometa ya ngapi, kwenye gia gani. Kesho yake utakuwa umeshausahau nusu.